Kirikuu Kitakuwa Getini

Karakana, Lyamkena, Makambako

Mwanangu Editha,

Kamwene. Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini wewe unalala nyumba hii hii ninayolala mimi, na ukitoka kwa shangazi yako kuaga utapita mbele ya dirisha hili la karakana. Hali yako naijua. Una furaha ya kuondoka kesho, na una hasira na mimi kwa nilivyofanya jana. Vyote viwili una haki navyo.

Naandika kwa sababu jana nilishindwa kusema. Mchungaji alikuwa ameshaomba, baba yako mdogo Zakayo ameshatoa neno, rafiki zako wa klabu ya baiskeli wamejaa kwenye mabenchi yangu na fulana zao mpya. Ukasimama ukasema, "Baba na kaka Yona walitoka hapa Makambako mpaka Ziwa Nyasa wakarudi, hawakupanda gari hata hatua moja. Na mimi nitafika baharini hivyo hivyo." Wakapiga makofi, Zakayo wa kwanza. Ndipo nikaweka kikombe chini nikatoka. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Mzee amemkumbuka mtoto." Mama yako hakuinuka kunifuata. Yeye alijua sikutoka kwa ajili ya machozi. Nilitoka kwa sababu ningebaki ningevunja kitu.

Habari za pampu, viraka, tochi na chandarua sizigusi. Mama yako amekwisha kukuambia, na namjua, amerudia. Njia nayo unaijua kuliko mimi: Njombe, Makete, nyika za Kitulo hadi Matamba, uzunguke milima kwa upande wa Tukuyu mpaka ziwani, upande meli mpaka Mbamba Bay, halafu Songea, Tunduru, hadi bahari ya Mtwara. Meli umeiruhusu. Nilipokuuliza kwa nini meli si gari, ukaniambia pale hakuna barabara. Nilicheka, nawe ukacheka. Lakini nilibaki nikiwaza kwamba nadhiri zetu huwa na mlango wa uani, na tunajua kuufungua tukitaka. Mimi wa kwangu sikutaka kuufungua, na ufunguo nilikuwa nao mfukoni.

Hadithi yenyewe si ngeni kwako, umeisikia kwangu tangu uko mdogo. Ila mimi ni fundi seremala, Editha. Nilivyozoea kuisimulia nimeipiga randa mpaka ikawa laini, mtu anaweza kupitisha kiganja asichomwe. Leo nakupa ubao kabla ya randa.

Yona alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Alizaliwa katika baridi hii, akakulia katika baridi hii, na maji makubwa aliyowahi kuyaona ni bwawa. Alikuwa na ramani aliyoichana kwenye kitabu kibovu cha shule, kila jioni anaiweka juu ya meza yangu ya kazi, vumbi la mbao linaingia mpaka ndani ya ziwa. "Baba, twende tukaone maji ambayo ng'ambo yake haionekani." Nilikubali haraka. Kazi zilikuwa chache, na sitaki kujifanya nilienda kwa ajili yake tu. Mtu akizeeka kwenye karakana hufika mahali anataka kujua kama miguu yake bado ni yake.

Sasa Zakayo ndiyo kwanza alikuwa amenunua gari lake la kwanza. Unamjua kwa utani. Alikuja pale getini akatukuta tunafunga mizigo, akasema mbele ya watu, "Baiskeli mpaka ziwani? Mtarudi juu ya Fuso, mmelalia magunia ya viazi kama kuku wa mnadani." Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikasema, "Nikigusa gari kabla ya kurudi geti hili, msiniite tena fundi." Hapo ndipo nadhiri ilipozaliwa. Hakuna aliyefunga wala kusali. Ilizaliwa kwenye kicheko cha ndugu wawili, mmoja ana gari na mwingine hana.

Sitakudanganya kwamba safari ilikuwa mbaya, maana kesho kutwa utaionja mwenyewe na utanijua mwongo. Kuna asubuhi baada ya Njombe umande ulikuwa umeganda kwenye majani ya chai, mikono haisikii breki, na Yona anaimba mapambio ya kwaya ya mama yako kwa sauti ya kuchezea. Kuna ule mteremko wa kwenda Lupingu. Unasimama juu, na chini kabisa kuna kitu cha buluu ambacho kwanza unadhani ni mbingu imeshuka. Yona aliiangusha baiskeli, hakuiegesha, akakaa chini akicheka peke yake. Breki zilinuka mpira ulioungua mpaka tulipofika mchangani. Kama ningekufa siku ile ningekufa mtu mwenye furaha, na yeye angekuwa hai.

Tulikaa kule wiki mbili na zaidi, kwa mwinjilisti mmoja mwenye nyumba ya udongo karibu na maji. Yona alijifunza kuogelea, akawa mweusi akapendeza, akawa anakula dagaa wabichi wa kukaanga kama mtu aliyezaliwa hapo. Usiku wa kwanza mke wa mwinjilisti alituletea chandarua. Alikuwa nacho kimoja cha wageni. Ndani ya nyumba palikuwa na joto, sisi watu wa sweta tukawa tunavuja jasho. Nikamwambia, "Mama, tunashukuru, lakini sisi tutalala nje. Mbu wa huku hawatujui." Akasema, "Watawajua tu, baba." Alisema kwa upole, nami nikaona ni neno la kuchekesha. Tukatandika mkeka mchangani kila usiku mpaka siku ya kuondoka.

Kurudi ni kupanda. Tulizisukuma baiskeli mlima ule kutwa nzima, na tulipofika juu, kwenye baridi yetu, Yona akaanza kutetemeka.

Hapa nataka unielewe vizuri, kwa sababu kosa hili lisingefanywa na mtu wa Kyela wala wa Pwani. Mtoto wa kule akitetemeka, bibi yake asiyejua hata kusoma atasema malaria. Huku kwetu kutetemeka ni baridi. Mtu akitetemeka tunamsogeza kwenye jiko la mkaa, tunamvika sweta la pili, tunampa chai ya tangawizi, tunamwambia asitoke nje. Ndivyo tulivyolelewa na ndivyo tulivyowalea ninyi. Homa ya mbu ilikuwa habari ya watu wa bondeni. Nilivua sweta langu nikamvalisha, nikamwambia, "Joto la ziwa limekulegeza. Umesahau kwenu." Nikawasha moto kando ya barabara, akaota. Kesho yake akaamka mzima kabisa, akala viazi, akaendesha. Nikajisifu moyoni kwamba moto wangu umemponya. Jioni ikarudi.

Njia panda ya Lugarawa kuna kibao cha hospitali ya misheni, na utakiona siku moja ukipita upande ule. Yona alikuwa mbele yangu. Akasimama, akashusha mguu mmoja, akakitazama kile kibao. Nikamfikia nikamuuliza, "Unaumwa, au umechoka?"

Akasema, "Nimechoka."

Nimelirudia swali lile zaidi ya sala yoyote niliyowahi kufundishwa. Nililitengeneza ili lijibiwe hivyo. Kijana wa umri ule, mbele ya baba yake, ukimwekea ugonjwa upande huu na uchovu upande ule, atachagua kinachoweza kuvumiliwa. Na mimi nilijua, Editha. Hapo Lugarawa nilikwishajua kwamba ile si baridi. Niliweka kiganja kwenye paji la uso wake, kikarudi na moto, nikakifuta kwenye suruali. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la Yona halikuwa na shida. Lililokuwa zito lilikuwa la kwangu, na kaburi likawa la kwake.

Kwa nini sikukata kona? Ungeniuliza jana mbele ya watu ningesema sikujua. Ukweli ni kwamba niliona tukilazwa pale watatutoa kwa gari. Tulikuwa tumeshapita nusu ya safari ya kurudi. Niliwaona watu wa Lyamkena wamekaa kwenye magogo yangu, na Zakayo katikati yao anasimulia habari za kuku wa mnadani. Basi nikachukua kamba ya kufungia mzigo, ncha moja nikaifunga kwenye kiti cha baiskeli yangu, ncha nyingine kwenye usukani wake, nikamvuta kwenye milima. Hiyo kamba huwa naisimulia, na watu huipenda. Husema, baba anayemvuta mwanawe kwa kamba, upendo ulioje. Nilikuwa namvuta kumpitisha hospitali.

Kabla ya kuingia lami ya Njombe, Fuso tupu ilitukuta. Dereva akapunguza mwendo, akaenda nasi sambamba, akatoa kichwa.

"Mzee, huyo dogo anaumwa. Tupieni baiskeli nyuma, twende."

Nikamwambia tunashukuru, tuko karibu.

Yona akasema, kwa sauti ndogo, "Baba, tungepanda."

Nikamjibu, "Tukipanda hapa, baba yako mdogo tutamwambia nini?"

Akanyamaza. Akashika usukani. Dereva akanitazama kwa muda, namna mtu anavyomtazama mlevi, akasema, "Haya, mzee," akaondoka. Namba za gari lile sikuzisoma, lakini uso wa yule dereva ningeutambua hata leo sokoni. Na ningempita kwa mbali.

Tulifika. Nilikuwa nimetuma habari kwa simu ya mtu, kwa hiyo palijaa. Vigelegele, watoto wanakimbia pembeni ya magurudumu, Zakayo mwenyewe anapiga makofi, maana utani wake una heshima, akishindwa hukubali. Ndiye aliyetupiga ile picha. Ndiyo mliyoichapa kwenye fulana, juu ya yale maandishi, BILA GARI MPAKA BAHARINI. Mkono mmoja wa Yona uko kwenye usukani, mwingine begani kwangu. Wewe ulikuwa darasa la kwanza, huwezi kukumbuka. Jana ulimwambia yule rafiki yako, "Ona kaka anavyotabasamu." Mwanangu, yule hatabasamu. Anauma meno yasigongane. Na mkono ule haunikumbatii, ananishika asianguke.

Mama yako akatoka jikoni na unga mikononi. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja akamwekea Yona mkono shingoni, unga ukabaki pale shingoni, akageuka akaniuliza, "Huyu ana moto tangu lini?"

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea. Sikumjibu.

Zakayo ndiye aliyetupeleka hospitali, kwa gari lile lile. Kwa hiyo Yona alipanda gari, mwanangu, siku ile ile aliyofika. Hilo nalo huwa siliweki kwenye hadithi. Walituambia malaria imepanda kichwani, wakafanya walichoweza, na siku ya pili yake tukawa tunapewa pole. Jeneza nililitengeneza mimi. Walinikataza, wakasema baba hatengenezi, nikawafukuza karakana. Ni kazi pekee niliyowahi kuifanya bila kupima, kwa sababu mwili wake niliujua.

Msibani mtu mmoja, na alikuwa na nia njema, akasema, "Angalau kijana alifika kwa nguvu zake mwenyewe." Nikaishika ile kauli kwa mikono miwili. Nilikuwa nazama na ndiyo iliyopita karibu. Mwaka ulipozunguka nikawa naisema mimi. Watu wakaacha kuniita Baba Yona, kwa huruma, wakaniita Mzee Matairi, nami nikaitika. Huku kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, tunajua maana ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilisifiwa, nikatia maji kwenye kifo cha mwanangu, nikawanywesha watu, na wewe nikakunywesha ukiwa mtoto, ukakulia juu ya hicho. Nadhiri uliyoivaa kifuani umeirithi kwangu. Sina shamba la maana la kukurithisha, sina nyumba ya mjini, nilikuwa na hiyo tu.

Miaka yote nimemlaumu Zakayo kimoyomoyo. Nimekula naye Krismasi, nimekaa naye benchi moja kanisani, na moyoni namwambia, ni utani wako. Leo asubuhi nilikwenda kwake. Nilimkuta anapakia viazi kwenye kile kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo. Nikamwambia, "Naomba kirikuu kesho asubuhi."

Akaniuliza, "Cha nini? Mtoto si anaondoka kwa baiskeli?"

"Ndiyo maana nakitaka."

Akaacha gunia. Akasema, "Kaka, siku ile ningejua yule kijana anaumwa, ningewafuata mimi mwenyewe mpaka Ludewa." Nikamwambia najua. Akanipa ufunguo. Ni mwanaume mnene anayecheka ovyo, na alikuwa akilia waziwazi mbele ya wapakiaji wake. Utani ulikuwa wake, Editha. Nadhiri ilikuwa yangu.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta mama yako anachambua maharage barazani. Nikasimama mbele yake nikamjibu swali lake la siku ile. Nikasema, "Tangu juu ya mlima wa Lupingu. Na mimi nilijua tangu Lugarawa." Sijui nilitarajia nini. Labda anipige, labda anishike mkono. Aliendelea kuchambua maharage. Baadaye akasema, "Mwambie na huyo anayeondoka." Akaingia ndani. Majuto kwetu si mjukuu, ni mpangaji, anakaa chumba cha mbele wala halipi.

Sasa neno langu kwako. Sitaki uache safari. Usije ukafikiri natumia kaburi la kaka yako kukufungia mlango. Nenda. Kitulo ukiikuta na maua utasahau hata jina lako, na mimi nataka usahau. Ziwa ulione, bahari uione, ambayo mimi sijawahi kuiona na sasa sidhani kama nitaiona. Na homa siihofii sana, wewe ni wa kizazi kingine, unajua kupima, na chandarua unacho. Ninachokihofia ni ile siku ambayo mwili utakuambia kitu, na fulana itakuambia kingine. Siku hiyo watu wa makofi watakuwa mbali. Watakuwa kwenye simu, wanakuandikia kaza dada, umebakiza kidogo. Nawajua. Mimi nilikuwa nao kichwani bila simu.

Kwa hiyo nimefikiri, na wazo hili litakuudhi. Kesho asubuhi rafiki zako watakuja kukusindikiza, na simu zao zitakuwa zimeinuliwa wanachukua picha. Kirikuu kitakuwa getini. Zakayo ndiye atakayeendesha, nami nitakuwa nimekaa nyuma, pale anapoweka magunia. Utanipa baiskeli, nitaipandisha, nawe utapanda ukae kando yangu. Tutakwenda kutoka getini mpaka mwisho wa Lyamkena tu, ambapo nyumba zinaisha. Hapo nitakushushia baiskeli yako kwa mikono yangu, nitakukagulia breki, na utaendesha mpaka Mtwara.

Watakushangaa. Baadhi watanung'unika kwamba safari imeharibika kabla ya kuanza, na hiyo fulana itakuwa inasema uongo mbele ya kila mtu. Ndicho ninachokitaka. Nataka nadhiri hiyo ivunjike hapa nyumbani, asubuhi, ukiwa mzima, huku mama yako anaona. Ikishavunjika haina tena cha kukushikia. Siku Fuso itakapopunguza mwendo kando yako huko milimani, utakuwa huna cha kupoteza.

Kama hutapanda, sitakushusha heshima mbele ya wenzako, na sitakulaani. Nitarudisha ufunguo kwa Zakayo, nitaingia karakana, nami kila simu itakapolia nitaweka chini randa. Hayo ni yangu, nimeyatafuta. Mchuma janga hula na wa kwao, na wewe umekwisha kula la kutosha.

Lakini nakuomba upande. Sijawahi kukuomba kitu, nimezoea kuamuru, na unaona amri zangu zilipotufikisha. Yona aliniomba gari mara moja tu, kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza mpaka leo. Wewe usiniombe. Wewe panda tu.

Ni mimi,

Baba Yona